Safari Isiyo na Mzigo

Mwanakhamis alimweleza mumewe habari ya Italia wakati wakifunga maboksi ya blauzi, kwa sababu Maulid husikia vizuri mikono yake ikiwa na kazi. Alisema anataka waende wote wawili, wiki tano, katika miji midogo ya pwani, wakae wiki nzima kila mji, kisha warudi.

"Kuna bidhaa gani huko?" aliuliza Maulid, akivuta selotepu.

"Hakuna bidhaa."

"Basi kuna mteja."

"Hakuna mteja, Baba Kauthar. Kuna bahari na vichochoro. Tunakwenda kutembea tu."

Maulid aliikata selotepu kwa meno, akaigandamiza kwa kiganja. Alikuwa mwanamume mpole, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, na ofisi yao ya kusafirisha mizigo, hapo Mtaa wa Dengfeng mjini Guangzhou, ilijulikana na kila mfanyabiashara aliyetoka Zanzibar au Dar es Salaam. Hakuwa mtu wa kumnyima mkewe kitu. Lakini hilo neno kutembea, likitoka kinywani mwa mtu mzima mwenye ofisi, hakujua alishike wapi.

"Kutembea," alirudia. "Haya. Tutaona."

Mambo yenyewe yalianzia Shisanhang, kwenye soko la nguo za jumla, ambako Mwanakhamis alikuwa akinunua blauzi za kupeleka nyumbani. Laoban mmoja, mwenye kibanda, alishona kwenye kola za blauzi zake lebo iliyoandikwa Termoli. Mwanakhamis akamwuliza hilo ni jina la nani. Laoban akacheka, akasema hata yeye hajui. Alitaka jina la Kiitaliano, akafungua ramani, akachukua lililokuwa fupi. Mwanakhamis alipokuwa akisubiri lori, aliliandika jina lile kwenye simu. Ukatokea mji mkongwe umekaa juu ya mwamba, bahari imeukumbatia, nguo zimeanikwa madirishani, na vibanda vya mbao vya wavuvi vimesimama majini kwa miguu mirefu kama ndege. Alikaa akiutazama mpaka dereva wa lori akampigia honi.

Kutoka Termoli akateremka na ramani ufukwe kwa ufukwe: Vieste, Trani, Monopoli, Otranto. Wafanyabiashara wenzake wa Dengfeng hawakuwa wamelisikia hata moja la majina hayo, na hilo lilizidi kumfurahisha. Binti yake Kauthar, aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapo hapo Guangzhou, ndiye aliyemsaidia kutafuta vyumba na treni, huku akimcheka.

"Mama, Termoli siku saba utafanya nini? Mji wenyewe wa kale unauzunguka kwa saa moja."

"Nitauzunguka. Kesho yake nitauzunguka tena."

"Na Roma je? Watu wote wanakwenda Roma."

"Si ndiyo maana? Mie nimechoka na foleni, mwanangu. Nataka mji ambao nikipita siku ya tatu, muuza mkate ananijua."

Huko Trani alipata chumba kwa bibi mmoja mjane. Waliandikiana kupitia tafsiri ya simu, na bibi yule alitaka kujua wageni wake wanakula nini, kwa kuwa aliona kwenye picha ya Mwanakhamis kwamba amevaa mtandio. Mwanakhamis akamjibu kwamba nguruwe hawali, samaki wanakula asubuhi, mchana na jioni. Bibi akajibu kwamba kwa upande wa samaki wasiwe na hofu, ila wajihadhari na mwanawe, maana anaongea sana. Mwanakhamis aliusoma ujumbe ule mara mbili, akacheka peke yake ghalani kati ya marobota, mpaka wapagazi wa Kichina wakageuka.

Si kila mtu alicheka naye. Wifi yake Zainabu alituma ujumbe wa sauti kutoka Unguja, mrefu, wenye kuvuta pumzi kila baada ya neno: kama ni kutembea basi Makka ipo, na nyumba ya Fuoni haijapata hata madirisha, na mtu wa umri wake anatafuta nini kwa Wazungu? Mwanakhamis alimjibu kwa heshima kwamba Makka alikwishakwenda, alhamdulillahi, na madirisha yatapata siku yake. Ni Mumbua tu, Mkenya wa Machakos aliyeuza viatu ghorofa ya chini ya jengo lao, aliyempigia makofi.

"Aki Mama Kauthar, wewe ni mkali! Mimi nikienda mahali bila kununua kitu, nafikiri nitaumwa."

"Na mie naogopa hivyo hivyo," Mwanakhamis akasema. "Ndiyo nataka nijaribu."

---

Wakala wa tiketi na viza alikuwa Sufian, kijana wa Kariakoo aliyepangisha meza moja ndani ya duka la simu. Mwanakhamis alikwenda kwake na picha zake za pasipoti, akaiweka bahasha mezani.

"Karibu mama," Sufian alisema. "Zako tu ndizo zilizobaki. Mzee fomu zake zimeingia jana, tayari ameshachukuliwa hata alama za vidole."

"Jana?" Jana Maulid alimwambia anakwenda ghalani Baiyun kusimamia kontena.

"Jana asubuhi. Na mwaliko umetoka safi kabisa. Maonyesho ya viatu, mnunuzi kutoka Afrika Mashariki. Konsuli akiona karatasi kama ile haulizi maswali. Wewe nitakuunga kama mke na mshirika wa biashara."

Mwanakhamis alihisi uso ukipata joto. Pembeni yake mteja mmoja wa Kikongo alikuwa akijaribu simu, na muuza duka akitazama. Wote wawili walielewa kwamba hapa kuna mke aliyekuwa hajui. Aliichukua bahasha yake mezani, taratibu, kana kwamba alikuwa ameisahau tu.

"Ahsante, Sufian. Zangu nitapeleka mwenyewe."

"Mama, mwenyewe utasumbuka. Watakuuliza unakwenda kufanya nini."

"Wakiuliza nitawaambia."

Alimkuta Maulid ofisini peke yake akinywa chai. Mwanakhamis alifunga mlango nyuma yake, hakukaa.

"Viatu gani hivyo, Baba Kauthar?"

Maulid aliweka kikombe chini. Hakuwa mjuzi wa kusema uongo, na hakujaribu tena. "Nilikuwa naturahisishia njia. Fikiri mwenyewe. Waafrika wawili, wachuuzi wa Dengfeng, wanasema wanataka wiki tano za kutembea. Tena si Roma, vijiji! Nani atatuamini? Watasema tunakwenda kuzamia, tusirudi. Nikasema tupitie mlango wanaoujua. Tukifika huko, siku mbili tu tutazame viatu, zilizobaki utembee utakavyo."

"Siku mbili zitakuwa wiki mbili. Mie nakujua wewe. Utaona soli nzuri, utanitafuta nikupigie hesabu."

"Na kama ni hivyo, pana ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba ulikwenda kwa mlango wa nyuma. Nimejulia kwa Sufian, mbele ya watu wasionijua."

Maulid aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, akiwa kama anaongea na chai, "Mimi naona haya, Mwanakhamis. Hiyo ndiyo kweli. Watu wakiniuliza Maulid umefunga ofisi unakwenda wapi, niwaambie nini? Nakwenda kutazama maji?"

Hasira ilikuwa bado kifuani mwa Mwanakhamis, lakini sasa ilichanganyika na kitu kingine, kwa sababu haya ile aliijua. Hata yeye alikuwa nayo, aliivua kidogo kidogo tangu siku ya lebo.

"Tangu tumefika nchi hii," alisema, "kila kaunta niliyosimama nimeulizwa sababu ya safari nikajibu biashara. Hata nilipokwenda kumzika mama yangu, mdomo ulisema biashara wenyewe kabla sijafikiri. Safari hii sisemi. Wewe iondoe karatasi yako kama utataka. Mie yangu naandika kutembea."

Maulid hakuiondoa. Alisema ikishaingia imeingia, na ukweli ni kwamba aliiamini ile karatasi kuliko alivyomwamini mkewe.

---

Mwanakhamis aliitwa kwenye mahojiano ya viza, ubalozi mdogo wa Italia. Alivaa baibui lake jeusi la Ijumaa na mtandio wa rangi ya samli, akabeba faili lenye vyumba vyote, treni zote na basi la kwenda Vieste, maana treni haifiki pale. Kauthar alitaka kumsindikiza akatafsiri, akamkatalia. Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa Kiitaliano mwenye nywele fupi, aliyeanza kwa Kiingereza; Mwanakhamis alipokwama neno la pili, wote wawili wakajikuta wamehamia Kichina. Kichina cha yule mama kilikuwa cha darasani, cha Mwanakhamis kilikuwa cha sokoni, na kila mmoja alimtazama mwenzake midomo ili asipotee.

"Wewe ni mfanyabiashara," mwanamke yule alisema, akifunua faili. "Huko unakwenda kununua nini?"

"Mkate. Samaki. Labda barafu ya kulamba, nikiona watu wazima wengine wanalamba."

Yule mama hakutabasamu. "Mumeo ameomba kwa ajili ya maonyesho ya viatu. Wewe umeomba utalii. Nani anasema kweli?"

Mwanakhamis alijua swali lile litakuja, na alikuwa amekesha nalo moyoni tangu siku ile ya Sufian. Hapakuwa na jibu ambalo lingemwokoa yeye na mumewe pamoja.

"Mie nasema yangu," alijibu. "Ya mume wangu mwulizeni yeye. Lakini msimdhanie mtu mbaya. Alidhani hamtaamini kwamba watu kama sisi wanaweza kwenda mahali kupumzika."

Mwanamke yule aliacha kufunua karatasi. "Na kwa nini Termoli? Watalii wa kutoka China hawaombi Termoli. Nadhani mimi sijaliona jina hilo kwenye fomu yoyote hapa."

Mwanakhamis akamwambia habari ya lebo. Alisimulia vile alivyozoea kusimulia, na mikono: laoban, ramani, kola ya blauzi. Alisema yeye ameuza jina la mji ule kwa watu wengi wasiojua kama ni mji, na siku alipojua ni mji, wenye watu na nguo za kuanika, aliona si vizuri kuliuza tu bila kwenda kuutolea salamu. Baada ya hapo aliona afuate pwani ile ile, kwa kuwa atakuwa ameshafika.

"Wiki tano," yule mama alisema.

"Nimefanya kazi kwa haraka maisha yangu yote. Jambo hili nataka kulifanya polepole."

Mwanamke wa nyuma ya kioo aligonga muhuri kwenye karatasi fulani, ambayo Mwanakhamis hakujua ni ya heri au ya shari, akamrudishia faili. "Vieste," alisema kwa Kiitaliano chake, akilitamka jina lile vizuri mara moja ili mgeni alisikie. "Unatamka hivi."

---

Pasipoti mbili zilirudi siku moja. Ya Mwanakhamis ilikuwa na viza ya siku zote alizoomba. Ya Maulid ilikuwa na barua ya kukataliwa: mwaliko haukuweza kuthibitishwa, kampuni iliyotajwa haimjui mwalikwa. Maulid alimpigia Sufian, akaweka sauti ya nje. Sufian alisema ule mwaliko naye aliupata kwa mtu, na mtu huyo hapatikani.

Maulid alikata simu. Akaichukua pasipoti ya mkewe, akaitazama ile viza kwa karibu, kama anavyotazama mshono.

"Hongera," alisema. Kisha akavaa viatu akatoka.

Aliporudi kula, aliuliza bila kumtazama, "Utaahirisha?"

"Hapana."

"Utakwenda peke yako?"

"Ungepata ningekwenda na wewe. Omba tena, safari hii useme kweli, nitakungoja huko huko."

"Mzigo wa Idi unaingia. Na nani atanipa baada ya barua kama hii?" Alisukuma sahani. "Watu watasema, Mama Kauthar. Mke wa mtu, wiki tano, Ulaya."

"Watasema nini?"

Kwa siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi. Walipeana chumvi, walisema ahsante. Kauthar alipokuja kuwatembelea alikaa kidogo tu, akadai ana mtihani. Mwanakhamis aliendelea kujitayarisha, lakini furaha ilikuwa imepoteza ladha. Mara mbili alifungua simu amwandikie bibi wa Trani kwamba hawezi kuja, na mara mbili aliifunga. Hakutaka kwenda akiwa ameivunja nyumba. Wala hakutaka kubaki akaja kumchukia mwanamume mwema kwa sababu ya mji alioukosa.

---

Ijumaa baada ya sala, Waswahili wengi wa Xiaobei, eneo lile lile la Dengfeng, hula mkahawani kwa Lulu, ghorofa ya pili, pilau na kachumbari, wanaume upande wa dirishani na wanawake upande wa jikoni. Ijumaa moja Mwanakhamis alikuwa akipanda ngazi aliposikia sauti ya Abass, mnunuzi wa vitambaa, iliyozoea kusikika hadi barabarani.

"Sheikh Maulid! Nasikia mama anakwenda kuzamia!"

Kicheko kikafuata. Mwanakhamis akasimama kwenye ngazi, mkono kwenye chuma cha kushikia.

"Wiki tano, mzee!" Abass aliendelea. "Mwanamke akienda Ulaya wiki tano peke yake, wewe anza kutafuta mpishi. Au anakwenda kukutazamia viatu? Sema basi, tujue soko jipya, usitufiche."

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea. Maulid angesema ndiyo, anakwenda kutazama viatu, na mazungumzo yangehamia kwenye soli na bei, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Mwanakhamis aliujua mlango ule na alijua mumewe anauona. Aligundua kwamba hata Maulid angeupita asingemlaumu sana. Alingoja tu.

"Haendi kutazama viatu," Maulid alisema.

"Anakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Anaanzia Termoli. Wiki moja. Kisha Vieste, huko atapanda basi, treni haifiki. Kisha Trani, atakaa kwa bibi mmoja mjane mwenye mtoto msemaji. Monopoli. Anamalizia Otranto, pale Italia inapoishia." Alilitamka lile la mwisho vibaya, lakini mpangilio haukukosea. Mwanakhamis alishika kile chuma kwa nguvu. Hakujua kwamba siku zote zile alizokuwa akipanga na Kauthar, mtu yule aliyekuwa amewapa mgongo kwenye kompyuta yake alikuwa akisikiliza.

"Hivyo vyote kutembea tu?" Abass aliuliza, sauti imepungua.

"Tu. Na nikwambie jambo, Abass, kwa kuwa umeuliza mbele za watu. Mke wangu amesimama mbele ya konsuli hana wakala, hana mwaliko, akasema kweli yake kwa Kichina, akapewa viza. Mimi nilikwenda na karatasi ya uongo kwa sababu niliona haya, nikanyimwa. Sasa kama kuna wa kuchekwa hapa, nicheke mimi. Yule mwacheni."

Kisha Mutiso, Mkenya aliyekuwa akila peke yake meza ya pembeni, akasema, "Wazee, hapo mmewekwa box, hamna pa kutokea," na watu wakacheka kicheko kingine, chepesi, na Abass mwenyewe akacheka mwishoni.

Mwanakhamis alipanda ngazi zilizobaki. Aliingia kichwa kikiwa juu, akasalimia chumba kizima, akapita mbele ya dirisha ambako wanawake hawapiti, akamwekea mumewe ndizi pembeni ya sahani kama afanyavyo nyumbani. Maulid aliinua macho. Haya ilikuwa imemjaa usoni.

"Ulikuwepo?" aliuliza.

"Ni Ò-tranto," alisema Mwanakhamis. "Unainua mwanzoni hivi."

---

Kwenye uwanja wa ndege wa Baiyun, foleni ya kaunta ilikuwa imejaa watu wanaowafahamu na wasiowafahamu, kila mmoja na mabegi makubwa yaliyofungwa kwa plastiki. Wengine walikuwa wamepiga magoti sakafuni, wakihamisha suruali kutoka boksi hili kwenda lile ili mizani isiwaaibishe. Mwanamke mmoja wa Nairobi alimwomba Mwanakhamis amchukulie kibegi kimoja tu, kidogo sana, na Maulid akamjibu kabla mkewe hajafungua mdomo: dada, samahani, huyu leo habebi cha mtu.

Zamu yao ilipofika, binti wa kaunta aliweka sanduku moja dogo la Mwanakhamis kwenye mizani, akachungulia nyuma yao kutafuta toroli.

"Mzigo mwingine?" aliuliza kwa Kichina, akiwa tayari kwa ugomvi.

"Mei you," Mwanakhamis akasema. Hakuna.

Yule binti akatazama mizani, akamtazama yeye, akatazama tena mizani. Maulid akasogea mbele, akaegemea kaunta, na kwa Kichina chake kilichovunjika akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Mke wangu. Luyou. Anakwenda kutalii."

"Oh, luyou!" binti akasema, na uso wake ukafunguka. Akamchagulia kiti cha dirishani bila kuombwa.

Waliagana kwenye kamba ya ukaguzi. Maulid alimwambia apige simu akifika, halafu akamwambia asipige sana, atembee. Aliirekebisha kona ya mtandio wake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya mbele za watu, akarudi nyuma hatua moja kumtazama vizuri.

"Nenda," alisema. "Unapendeza."

Mwanakhamis alipita. Upande wa pili, kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu inayong'aa, aligundua kwamba hana cha kuburuta, hana cha kuinua, hana cha kulinda. Mikono ilimning'inia, hakujua aifanyie nini. Akaiacha ipepee ubavuni kama ya watu wengine, na akatembea, polepole, watu wenye haraka wakimpita kushoto na kulia.